Mguu Usiouma

Ndugu msomaji, kama wewe ni mpenzi wa hadithi kama mimi, basi umeshakutana mara nyingi na mtu aliyekatwa mguu. Katika hadithi zetu na michezo yetu ya kuigiza, mtu huyo huwa ama jambazi aliyepata malipo yake, ama tajiri aliyerogwa na jirani mwenye kijicho. Anakanyaga dawa iliyofukiwa mlangoni, mguu unavimba, unanuka, unaoza, waganga wanashindwa, na mwisho anapelekwa hospitali ambako "wanaukata". Msomaji anasikitika kidogo, kisha anafungua ukurasa mwingine.

Mimi si daktari. Nilimaliza kidato cha nne nikaishia hapo, na sasa ninahangaika na muswada wa riwaya yangu ya kwanza. Katika muswada huo yumo mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari na kidonda cha unyayoni. Nikaona si haki kumkata mguu kwa kalamu kabla sijajua kwa nini miguu ya watu kama yeye hukatwa. Nikaingia maktaba, nikauliza, nikasoma. Kumbe mambo mengi tunayoyaona kama uganga mpya wa hospitali kubwa yalijulikana zaidi ya miaka 100 iliyopita! Na kumbe mara nyingi kinachoukata mguu kabla ya msumeno wa daktari ni kuchelewa.

UGONJWA WA ZAMANI, KIDONDA CHA ZAMANI

Kisukari si ugonjwa wa juzi. Katika karne ya 2, tabibu wa Kigiriki aliyeitwa Aretaeus wa Kapadokia alieleza habari za wagonjwa wanaokunywa maji bila kukata kiu, wanaokojoa bila kupumzika, huku miili yao ikikonda kana kwamba nyama inayeyuka na kutoka kwa mkojo. Lakini uhusiano wa ugonjwa huo na miguu ulichelewa sana kueleweka. Wazee wetu walikuwa na jina la kidonda kisichopona kinachokula nyama: donda ndugu. Ulaya nako walikuwa nalo donda la namna hiyo, ila hawakujua kuwa baadhi ya hao waliooza vidole walikuwa na sukari katika damu. Ni mwaka 1852 ambapo daktari wa Ufaransa, Marchal de Calvi, alianza kueleza kwamba kisukari na kuoza kwa nyama ni ndugu wa damu.

Halafu akaja mtu ambaye mwandishi yeyote wa riwaya angempenda. Jina lake Frederick Treves, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya London, mtaa wa Whitechapel. Huyu ndiye aliyemtunza Joseph Merrick, yule maskini aliyekuwa akionyeshwa kwa kiingilio kama "mtu tembo". Huyu ndiye pia aliyempasua Mfalme Edward VII mwaka 1902, siku chache kabla ya kutawazwa, hata sherehe ikabidi iahirishwe. Lakini mwaka 1884, kabla ya makubwa hayo, Treves aliandika makala juu ya kitu kisicho na fahari yoyote: kidonda kinachotoboa unyayo.

Treves aliona kuwa kidonda kile hukaa chini ya sugu. Kila mtu anaijua sugu, ile ngozi ngumu inayoota pale tunapokanyagia sana. Kwa mgonjwa wa namna hii sugu haimlindi, bali inamwumiza. Inakuwa kama jiwe dogo ndani ya kiatu, inaponda nyama iliyo chini yake, na usaha unafichwa ndani. Basi Treves alimlaza mgonjwa kitandani asikanyage, akaibandika sugu dawa ya kuilainisha iliyopondwa kwa mbegu za kitani, kisha akaichonga kwa kisu kidogo kidogo mpaka kidonda kikabaki wazi na safi. Baada ya hapo alipaka dawa ya kuua vijidudu. Alipopona, mgonjwa alifundishwa kuutunza mguu na kuvaa kiatu kisichombana wala kumkandamiza.

Hebu tuyahesabu: kusafisha kidonda kwa kisu, kuupumzisha mguu, na kumfundisha mgonjwa. Ukienda leo katika kliniki nzuri ya miguu popote duniani, mambo hayo matatu utayakuta. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1887, daktari mwingine wa Uingereza, Davies Pryce, alieleza habari za mgonjwa wa kisukari mwenye vidonda katika miguu yote miwili. Akaona kwamba chanzo kiko katika mishipa ya fahamu iliyoharibika. Yaani mguu ule ulikuwa umekufa ganzi. Mtu anatembea juu ya kidonda na wala hajui, kwa sababu hakuna kinachomwambia.

INSULINI YALETA TATIZO JIPYA

Sasa utauliza: kama walijua, mbona miguu iliendelea kukatwa? Jibu ni kwamba kujua ni jambo moja na kuweza ni jingine. Zama hizo hapakuwa na dawa ya kushusha sukari wala dawa ya kumeza au kudunga ya kuua vijidudu mwilini. Usaha ukishapanda kutoka kidoleni kuelekea kifundoni, daktari alikuwa anashindana na saa. Wengi waliona heri wakate juu kabisa, pajani, mahali penye damu ya kutosha ili kovu lifunge, kuliko kukata kidole leo, kanyagio kesho na mgonjwa kesho kutwa.

Tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto huko Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini. Alikuwa karibu kufa na akaishi. Frederick Banting na John Macleod wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1923. Dunia ikashangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini mjini Boston, Marekani, alikuwapo daktari mzee wa mambo ya kisukari, Elliott Joslin, ambaye hakushangilia akasahau. Joslin aliona kitu cha ajabu: vifo vya kuzimia kwa sukari vilishuka sana baada ya insulini, lakini vifo vya kuoza miguu vikapanda! Kwa nini? Kwa sababu watu ambao zamani wangekufa mapema sasa waliishi miaka mingi, na miaka hiyo ikatosha kuua mishipa ya fahamu na kuziba mishipa ya damu ya miguuni. Mwaka 1934 aliandika makala kali akionya kuwa kuoza kwa mguu si adhabu itokayo mbinguni, bali ni jambo la hapa hapa duniani, na mtu anaweza kulizuia kwa kuitunza miguu yake. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikawaza: maneno haya yangeweza kusemwa leo asubuhi katika mtaa wangu.

Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928 na kuanza kutumiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1940, ilibadilisha kisu kilipo. Mwaka 1949, daktari Leland McKittrick na wenzake, huko huko Boston, walieleza jinsi walivyoweza sasa kukata sehemu ya mbele tu ya kanyagio, kisigino kikabaki na mtu akaendelea kusimama juu ya mguu wake mwenyewe. Zamani vijidudu visingeruhusu jambo hilo. Kuanzia hapo swali la daktari halikuwa tena "tukate wapi juu?" bali "tunaweza kubakisha kiasi gani?"

SOMO KUTOKA KWA WAGONJWA WA UKOMA

Sehemu iliyonigusa kuliko zote haikutoka katika hospitali ya matajiri. Ilitoka Vellore, kusini mwa India, kwa watu ambao jamii iliwafukuza. Mwaka 1946 daktari Paul Brand alifika huko kufanya kazi, akajitosa katika tiba ya wagonjwa wa ukoma. Wakati ule karibu kila mtu aliamini kuwa ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand hakuridhika. Alichunguza, akagundua kwamba nyama ya wagonjwa hao inaweza kupona kama nyama yako na yangu. Tatizo lilikuwa ganzi. Mtu anashika sufuria ya moto bila kujua, anatembea juu ya msumari bila kujua. Alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1993 kwamba wagonjwa wengine walikuwa wakiamka asubuhi vidole vimepungua. Kumbe ni panya! Walikuwa wanatafuna usiku na mwenye kidole hashtuki. Dawa yake ikawa nini? Wagonjwa wakapewa paka.

Huko Asia, tangu miaka ya 1930, madaktari wa ukoma walikuwa wakiufunga mguu wenye kidonda kwa plasta ngumu, ile wanayofungwa waliovunjika mifupa. Plasta inaugawa uzito wa mwili katika mguu mzima, kidonda hakipondwi tena, na mgonjwa hawezi kuivua akajisahau. Brand alipohamia Carville, jimbo la Louisiana, Marekani, mwaka 1966, alikwenda na maarifa hayo, na kutoka hospitali ya ukoma yakaingia katika tiba ya kisukari. Hata ule uzi mgumu wa nailoni ambao daktari anaugusisha unyayoni na kuuliza "unasikia?" ulipimwa sana huko Carville. Waliotengwa na watu ndio waliowafundisha madaktari namna ya kuokoa miguu ya watu wengine. Mwandishi mwenzangu, tungo kama hiyo ungeibuni wewe, mhariri angesema umezidisha chumvi.

Tusidhani lakini kwamba elimu ya tiba husonga mbele tu kama treni relini. Mwaka 1959 ilitoka ripoti iliyosema kuwa kwa wagonjwa wa kisukari mishipa midogo kabisa ya damu imeziba. Madaktari wengi wakaelewa kwamba basi hakuna haja ya kutafuta njia ya kupeleka damu mguuni, kwani huko mwisho wa njia pamefungwa. Miaka 25 ikapita. Mwaka 1984 madaktari LoGerfo na Coffman waliandika kuwa fikra hiyo haina msingi: mishipa inayoziba ni mikubwa, hasa ile iliyo chini ya goti, na inaweza kuzibuliwa au kupitishiwa mchepuko. Ni miguu mingapi ilikatwa katika miaka hiyo 25 kwa sababu ya wazo moja lisilo sahihi?

Halafu London tena. Mwaka 1981, Hospitali ya King's College ilifungua kliniki ya miguu ambamo daktari wa kisukari, mpasuaji, mtaalamu wa miguu, muuguzi na fundi viatu walikaa chini ya paa moja. Ripoti yao ya mwaka 1986 ilionyesha kuwa ukataji mkubwa wa miguu ulipungua kwa kiasi cha nusu. Hawakugundua dawa mpya. Waliacha tu kumtupa mgonjwa kutoka mlango huu hadi mlango ule. Mwaka 1989, katika mkutano wa St Vincent nchini Italia, nchi za Ulaya ziliweka lengo la kupunguza ukataji huo kwa nusu katika miaka mitano.

NA HAPA KWETU JE?

Wapo wanaosema kisukari ni ugonjwa wa Wazungu na wenye vitambi. Basi wajue kuwa kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, hapo Muhimbili, Dar es Salaam, Profesa Donald McLarty na wenzake waliwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wapya 1,250. Mwaka 2005, Dakta Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Panya wale wale wa Vellore! Tofauti ni kwamba hawa hawakuwa na ukoma. Ganzi ni ile ile. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 ulianza pia mpango wa kufundisha utunzaji wa miguu, uliofanyika Tanzania na nchi za Asia ya kusini kama India. Daktari na muuguzi walikuja wawili wawili, wakajifunza pamoja, kisha wakarudi kwenye hospitali zao.

Mambo haya nimeyaona pia ndani ya ukoo wetu. Baba yangu mkubwa ni fundi seremala. Alikanyaga msumari akiwa na kandambili, akafanya kazi mpaka jioni. Aliyeona damu kwenye mkeka ni mama mkubwa. Mguu ukaanza kuvimba, na majirani wakaanza kazi yao: mmoja akaleta unga wa majani, mwingine akanong'ona kuwa kuna mtu amemtegea. Siku ya 11 homa ikampanda, ndipo akakubali kwenda. Muuguzi alipofungua kitambaa, baba mkubwa akasema kwa kujiamini, "Lakini haliumi, mwanangu." Yule dada akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, hilo ndilo tatizo lenyewe." Alipoteza vidole viwili. Mguu anao, na randa bado anaisukuma.

Walimfanyia nini wodini? Niliuliza, kwa sababu mhusika wangu naye lazima alale katika kitanda kile. Kwanza walimpasua siku ile ile usaha ukatoka na nyama iliyokufa ikaondolewa, kwa maana dawa haifiki mahali pasipo na damu. Walichukua kipande cha nyama ya ndani kwenda maabara ili kijulikane ni kijidudu gani, maana ukipangusa juu juu unapata takataka za juu tu. Walipenyeza kijiti cha chuma kidondani kuona kama kinagusa mfupa, wakapiga na picha. Wakamtundikia dripu ya dawa za kuua vijidudu, wakamdunga insulini, wakapapasa mapigo ya damu juu ya kanyagio. Na wakamkataza kabisa kukanyagia mguu ule. Kwa kawaida, maambukizi ya nyama hutibiwa kwa dawa wiki moja hadi mbili. Yakiingia mfupani na mfupa usiondolewe, huchukua wiki kama sita. Si kazi ya vidonge vitatu vya dukani, bwana.

Wala sisemi kwamba kila mguu unaokolewa. Pale damu isipofika kabisa, au sumu ikishapanda mwilini, kukata ndiko kunakookoa roho, na daktari anayekata hapo hana kosa. Makala ya kitabibu ya mwaka 2017 ilikadiria kuwa kati ya watu 100 wenye kisukari, 19 hadi 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani maishani, na zaidi ya nusu ya vidonda hivyo huingiwa na vijidudu. Maambukizi yakiwa ya kati au makali, mmoja katika kila watano huishia kukatwa sehemu fulani ya mguu. Ukigeuza hesabu hiyo utaona kwamba wanne hawakatwi. Lakini mtaani anayeonekana ni yule mmoja, kwa kuwa anatembea na gongo. Wale wanne wamevaa viatu, nani atawajua? Ndiyo maana watu husema "ukienda hospitali wanakata", wanakaa nyumbani, wanakwenda wamechelewa, wanakatwa, na usemi unapata shahidi mwingine. Ongeza hapo nauli, gharama za kulazwa, na siku za kibarua zinazopotea. Si ujinga peke yake unaomchelewesha mtu. Umaskini nao unamshika shati.

Ndipo ninapowageukia waandishi chipukizi wenzangu. Hospitali imefanya sehemu yake kwa miaka 140 tangu Treves, mara ikipatia, mara ikikosea. Sisi tumefanya nini? Tumeendelea kuandika mguu uliorogwa, kwa sababu unanoga. Msomaji wetu akiona sugu nyeusi kwenye kisigino cha mama yake, anakumbuka hadithi yetu, si kliniki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ni mdogo: kuangalia miguu kila jioni, hata kwa kioo, kutotembea peku, kukung'uta kiatu kabla ya kukivaa, kutojichonga sugu kwa wembe, na kwenda hospitali siku ile ile kidonda kinapoonekana, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.

Mzee wa muswada wangu nimeamua aende mapema. Sura hiyo imekuwa ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika, maana hakuna mchawi wa kumsingizia. Kuna binti yake tu anayeuona unyayo wa baba yake wakati wa kutawadha, anauliza hapa pana nini, na haridhiki na jibu.